Vifaa vya matangazo ya televisheni kwa studio ndogo Tanga: cha kununua sasa na cha kungoja

Soko la vifaa vya televisheni liko safarini. Kilichokuwa sanduku la chuma lenye kazi moja sasa ni programu ndani ya kompyuta. Picha iliyokuwa ikipita kwenye waya wa SDI, ule wa shaba wa kubebea picha ya televisheni, inahamia kwenye waya wa mtandao. Kamera ambazo zamani kituo kikubwa tu ndicho kingeweza kuzinunua zinaletwa mtumba, na muuzaji anakuhakikishia ni za kituo cha Ulaya. Anayefungua studio ndogo Ngamiani au Chumbageni anakutana na hayo yote dukani siku moja, na fedha yake ni ileile.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kazi za kawaida za mji: mechi Mkwakwani, maulidi, mikutano ya Tangamano, harusi za kumbini, na kipindi cha mazungumzo studioni mara moja au mbili kwa wiki. Kamera tatu, watu watano. Msimamo wetu ni kwamba tripodi, maiki, taa, lenzi na nyaya utavitumia miaka kumi, basi hapo usibanie. Enkoda (kifaa cha kubana picha ili irushwe), mikisa ya picha (ya kuchagua kamera ipi iende hewani), kompyuta na modemu vitapitwa baada ya miaka mitatu au minne, basi huko nunua cha kutosha kazi ya leo. Wengi hufanya kinyume: mikisa ya bei mbaya juu ya meza, na kamera imesimama kwenye tripodi ya kupigia picha za pasipoti.

Hatua ya 1: Jua picha yako inakwenda wapi

Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine, Tanga ikiwemo, ikafuata 2013. Tangu hapo mwenye maudhui na mwenye mnara ni watu wawili. Wewe unatengeneza kipindi, na kampuni yenye leseni ya kusambaza mawimbi inakiweka kwenye DVB-T2, mfumo wa televisheni ya dijitali ya mnara, pamoja na chaneli nyingine ili kifike kwenye ving'amuzi. Kwa hiyo studio ndogo haihitaji transmita. Akikuuzia mtu transmita ya UHF “kwa bei ya kutupa”, mwache nayo.

Njia yako ni mojawapo ya tatu: kurusha kwa intaneti, kumpelekea msambazaji wa mawimbi, au kukiuzia kituo kikubwa picha za tukio. Ya kwanza inakubali picha ya 1080p25, yaani mistari 1080 na fremu nzima 25 kwa sekunde. Vituo vingi vinavyotumia mfumo wa hezi 50 hupokea 1080i50 (nusu-picha 50 kwa sekunde), na kwa mpira 1080p50 ndiyo inayofanya mpira usiache mkia unapokwenda. Uliza kabla ya kununua, kwa sababu kamera na mikisa isiyoweza 50 haitaweza hata ukiipigia magoti.

Leseni ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, pamoja na marekebisho yake, zinamhusu pia anayeendesha televisheni ya mtandaoni asiye na mnara wala king'amuzi. Maiki zisizo na waya na vifaa vyote vinavyotoa mawimbi ya redio navyo huhitaji idhini ya TCRA. Muulize muuzaji kabla hujalipa, si baada ya mzigo kukwama bandarini.

Hatua ya 2: Kamera

Nunua tatu za aina moja. Kamera tatu za kampuni tatu zitakupa nyuso za rangi tatu, na hakuna saa ya kutosha kuzilinganisha bwana harusi akiwa tayari mlangoni. Ziwe na tundu la SDI, si HDMI peke yake. Tundu la HDMI halina kifungo. Mtoto akipita na kugusa waya, picha imekwenda. BNC, kichwa cha waya wa SDI, inazungushwa na kujifunga.

Ukichagua mtumba, fanya majaribio haya dukani. Funika lenzi, pandisha gaini (nguvu ya kukuza mwanga) hadi desibeli 18, tazama kwenye skrini kubwa: nukta nyeupe, nyekundu au buluu zisizosogea ni pikseli zilizokufa. Mbili tatu zinavumilika, kundi zima halivumiliki. Kisha mulika tochi ya simu kupitia lenzi kutoka nyuma. Utando kama wa buibui ni ukungu, na ukungu ukishaingia ndani ya lenzi kuusafisha kunagharimu, tena hurudi. Washa kamera kwa dakika 40 mfululizo, maana ubovu wa feni na wa saketi hujionyesha ikishapata moto. Mwisho uliza inarekodi kwenye nini. Kamera inayotumia kanda, au kadi ya aina ambayo haitengenezwi tena, bei yake ya chini ni ya haki: hakuna mwingine anayeitaka.

Zile kamera kubwa za studio zinazohitaji kisanduku cha kuziongoza na waya wake maalumu ziache, hata zikiwa nzima. Zinakula umeme, spea zake ni za kuagiza, na kebo moja ikifa kamera nayo imekufa.

Kamera za kuongozwa kwa mbali, zile zenye shingo inayozunguka, ndizo zinazopendwa sasa, na kwa kipindi cha studio zina maana: mtu mmoja anaendesha tatu. Kwa mpira hazifai kuwa kamera kuu. Mwendo wake una kigugumizi anapokimbia winga, na mpiga picha mzuri mwenye tripodi ya mafuta, ile yenye kichwa cha mwendo laini, anazishinda kila dakika.

Weka kamera zote kwenye hezi 50, fremu 25 au 50, shata (muda wa fremu kupokea mwanga) 1/50 kwa studio. Umeme wetu ni hezi 50. Kamera iliyoachwa kwenye fremu 30 kama ilivyotoka kiwandani itaonyesha taa za ukumbi zikipepesa kama koroboi yenye upepo, na hilo halirekebishiki baadaye.

Hatua ya 3: Nyaya, mahali ambapo fedha hupotea kimyakimya

Picha ya SDI ya HD hubeba gigabiti 1.485 kwa sekunde. Ile ya 3G (si 3G ya simu), inayohitajika kwa 1080p50, ni gigabiti 2.97. Inapita kwenye waya wa koaksi wa omu 75. Kwa waya mzuri wa RG6 hesabu mita 100 kwa HD na takriban 75 kwa 3G. Waya wa kamera za ulinzi unaofanana nao kwa macho huishiwa nguvu mapema zaidi, kwa sababu kiini chake mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba.

Jipime mwenyewe dukani. Kata ncha, kwaruza kiini kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, si shaba tupu. Fanya hivyohivyo kwa waya wa mtandao: boksi nyingi za “Cat6” zinazouzwa rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Boksi la mita 305 la shaba halisi utalisikia mkononi kwa uzito. Hiyo ya aluminiamu, ukiipitishia umeme wa kamera, inapata joto na kuangusha volti, na kamera inajizima na kujiwasha katikati ya dua.

Ufungaji wa BNC ndio fundi anapojulikana. Menya ganda la nje, rudisha nywele za shaba nyuma, menya kizio cha ndani, na hapo simama. Geuza ncha kwenye mwanga na utazame kama kuna unywele mmoja wa shaba uliobaki unaogusa kiini. Unywele mmoja tu unatosha kuua picha. Ukihakikisha, vika pini, bana kwa koleo lake maalumu, kisha vuta kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Ikitoka, bora imetoka mezani. Na hakikisha kichwa ni cha omu 75. Vya omu 50 vinaingia vizuri tu, lakini kwa 3G hurudisha mawimbi nyuma.

SDI haififii polepole kama analojia. Inaonyesha picha safi, kisha nukta nyeupe zinazometa mara mojamoja, kisha giza. Ukiona zile nukta wakati wa kujaribu, usiseme “zitavumilika”. Kipimo cha kujihami: kabla ya tukio unganisha waya wa ziada wa mita 15 au 20. Picha ikisimama nao, utoe. Sasa una akiba.

Hatua ya 4: SDI au mtandao?

Hapa ndipo wauzaji wanapozungumza sana. Kuna mifumo miwili ya kupitisha picha kwenye mtandao, na hailingani hata kidogo.

Wa kwanza ni ST 2110, uliotolewa 2017 na SMPTE, chama cha wahandisi wa picha. Picha inapita bila kubanwa, kwa hiyo unahitaji swichi za mtandao za gigabiti 10 au 25 na saa ya pamoja inayolinganisha vifaa vyote. Ni wa vituo vikubwa. Kwa kamera tatu, ni kununua meli ya kuvulia dagaa.

Wa pili ni NDI, uliotoka 2015. Huu unabana picha kidogo, na 1080p50 inachukua zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde kwa kila kamera. Toleo lake jepesi, HX, linatumia megabiti 8 hadi 20. Kwa studio ya kudumu ndani ya jengo moja NDI ni rahisi kweli. Waya mmoja unabeba picha, sauti, umeme na amri za kuzungusha kamera.

Makosa yake nayo ni yale yale kila mahali. Swichi ya mtandao ya megabiti 100, ile ndogo ya bei rahisi, haibebi hata kamera moja ya NDI kamili. Nunua ya gigabiti. Swichi ya kugawa umeme ina kikomo cha jumla: kila tundu linaweza kutoa wati 30, lakini kifaa kizima kikawa na wati 60 tu. Kamera nne za wati 20 ni wati 80. Ya nne haitawaka, au itawaka na kuizima ya kwanza, nawe utashinda kutwa ukilaumu kamera. Zima pia kipengele cha kuokoa nishati kwenye swichi, kinachosababisha picha kukatika. Usipitishe NDI kwenye Wi-Fi, wala usichanganye mtandao huo na ule wa wageni na simu zao.

Ushauri wetu kwa Tanga ya leo: SDI kwa kazi za nje, NDI kwa studio, na mikisa inayopokea vyote viwili au programu ya kwenye kompyuta yenye kadi ya SDI. Vifaa vya SDI vitaendelea kushuka bei kadiri vituo vikubwa vinavyohama, na mnunuzi mdogo ndiye mwenye faida.

Hatua ya 5: Sauti

Mtazamaji anavumilia picha yenye ukungu, sauti ya kukwaruza haivumilii hata dakika. Maiki mbili za waya za kushika mkononi, maiki nne za kubana kifuani, maiki mbili za kunasa kelele za uwanja, na mikisa ya sauti yenye matundu nane.

Maiki za zamani zisizo na waya zinazofanya kazi kwenye megahezi 700 zisinunuliwe. Masafa ya 694 hadi 790 yamepewa huduma za simu katika ukanda wetu wa dunia tangu 2015, na maiki iliyowekwa humo inapambana na mnara wa simu. Tafuta zinazofanya kazi kati ya 470 na 694, na ukifika ukumbini pima kwanza masafa yaliyo wazi.

Kwenye maulidi na kumbini kuna fundi wa spika. Mwombe akutolee sauti kutoka kwenye mikisa yake, lakini usiiamini peke yake: weka maiki yako pembeni kama akiba, kwani naye ana ya kwake ya kushughulikia. Sauti yake mara nyingi huja na mngurumo wa umeme kwa sababu mnachota umeme kwenye soketi mbili tofauti. Transfoma ndogo ya kutenganisha, ya kuunga katikati ya waya wa sauti, inamaliza kesi hiyo.

Mdomo na sauti visipoendana, kosa liko kwenye picha: inachelewa ikipita kwenye mikisa na vibadilishaji, na sauti inatangulia. Kwa fremu 25, fremu moja ni milisekunde 40. Piga makofi mbele ya kamera, rekodi, hesabu fremu kati ya sauti na viganja kukutana, kisha chelewesha sauti kwa kiasi hicho. Mara nyingi ni fremu mbili au tatu.

Hatua ya 6: Kurusha

Kwa 1080p25 tumia megabiti 5 kwa sekunde kwenye H.264 (njia ya kubana picha), sauti kilobiti 128, fremu kamili kila sekunde 2. Laini yako iwe na uwezo wa kupandisha walau mara mbili ya hapo, megabiti 10. Kupandisha, si kushusha. Namba kubwa inayoonyeshwa kwanza kwenye kipimo cha simu haikusaidii. Na pima saa ileile ya tukio. Mkwakwani saa 4 asubuhi na Mkwakwani saa 10 jioni, jukwaa likiwa limejaa na kila mtu ana simu mkononi, ni viwanja viwili tofauti.

Hesabu ya bando: megabiti 5.1 kwa sekunde ni kama gigabaiti 2.3 kwa saa. Mechi pamoja na maandalizi na mahojiano, saa mbili na nusu, ni karibu gigabaiti 6. Nunua 10.

Enkoda yenye laini mbili au tatu za mitandao tofauti inayozifunga pamoja ndiyo silaha ya kazi za nje. Kama bajeti hairuhusu, ruta mbili za mitandao miwili, na mtu anayejua kuhamisha waya. Tumia SRT, njia ya kupeleka picha kwa intaneti, pale mpokeaji anapoikubali. Ilifunguliwa kwa wote 2017, na kazi yake ni kuomba tena vipande vilivyopotea njiani. Muda wake wa kusubiri uwe angalau mara nne ya muda wa kwenda na kurudi wa mtandao. Kwa laini za simu weka sekunde 1 hadi 2 bila kuona haya. Wanaoweka milisekunde 120 ili “iwe mubashara kweli” ndio wanaoganda.

Rekodi humohumo kwa wakati mmoja, kwa megabiti 50, ambayo ni gigabaiti 22.5 kwa saa. Intaneti ikikata, kazi bado unayo.

Hatua ya 7: Umeme

Jumlisha wati. Kamera tatu 75, mikisa ya picha 40, skrini mbili 40, kompyuta 110, sauti na ruta 35: wati 300. Kwa saa nne ni wati-saa 1,200, na ukiweka upotevu wa inveta inafika 1,400. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa 600, unahitaji tatu. Ya lithiamu ya ukubwa huo inakupa zaidi ya 1,000; mbili zinatosha, na mtu mmoja anazibeba. Taa zipe njia yake, zisinywe kwenye betri ya mitambo. Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zinaleta mngurumo kwenye sauti.

Jenereta iwe umbali wa mita 30, tena iwe upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake. Umeme wake haukai sawa, hivyo mitambo ichote kwenye inveta yenye betri, na jenereta ichaji betri.

Hatua ya 8: Chumvi na unyevu

Vifaa vingi Tanga haviuawi na kazi, vinauawa na kabati. Ukungu wa lenzi huota unyevu ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, na wakati wa masika hiyo ni hali ya chumba cha kawaida. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira, weka kipima unyevu kidogo na mifuko ya silika jeli, na uhakikishe inabaki kati ya 40 na 50. Mchele haufai, unaacha vumbi la wanga. Silika ikibadilika rangi, iweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili, itarudi.

Kamera ikitoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Raskazone, lenzi inatokwa jasho papo hapo, ndani na nje. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 30 hadi 45 ipate joto. Usifute, jasho la ndani hulifikii. Baada ya kazi yoyote ya ufukweni, pitisha kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi kwenye tripodi na mwili wa kamera, kisha kikavu. Matundu ya BNC na ya XLR (ya waya za maiki) yasafishwe kwa spiriti ya asilimia 99 kila mwezi.

Hatua ya 9: Siku moja kabla

Funga kila kitu kama kesho. Washa, rusha kwenye chaneli ya faragha dakika 30. Kisha anza kuharibu kwa makusudi, kimoja baada ya kingine, mitambo ikiwa hewani: zima umeme wa ukutani, chomoa ruta ya kwanza, toa waya wa kamera ya pili, toa maiki ya mtangazaji. Kila mara mwenye kipima muda ataje sekunde zilizopita hadi mtazamaji wa simu, aliyeketi nje ya chumba, aseme picha imerudi. Kinachozidi sekunde 10 kiandikwe kwenye karatasi, kibandikwe ukutani pamoja na jina la atakayekishughulikia.

Beba akiba: waya mmoja wa SDI wa urefu wote, vichwa vya BNC sita na koleo lake, kibadilishaji kimoja cha HDMI kwenda SDI, betri za maiki mara mbili ya idadi, fyuzi, utepe wa kitambaa wenye gundi, na ufunguo wa ukumbi. Huo wa mwisho mwombe mlinzi leo jioni.